Blanketi Nililosafiri Nalo

Tangu Kitheka anioe, kitu alichoninunulia bila kuombwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni blanketi. Lilikuwa zito, la kahawia, lenye mistari miwili myekundu kwenye ncha. Alilileta jioni moja wakati wa baridi ya mwezi wa saba, akalitupa kitandani, akasema amelitoa dukani kwa Abdiwahab, yule Msomali aliye karibu na soko la mbuzi Machakos mjini. Nililala chini ya blanketi hilo kwa miaka sita. Tulipokaa kusuka vyondo, vikapu vyetu vya kamba, pale Muthetheni, wanawake wenzangu walisema mume wangu ni mgumu kama jiwe la Lukenya. Niliwajibu kwamba jiwe langu liliwahi kutoa blanketi, na la kwao bado.

Lukenya hawakuitaja bure. Huko ndiko Kitheka alikokuwa akivunja mawe ya kujengea, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, akiwa na vumbi kwenye kope na maneno machache. Shamba lilikuwa langu, ukame ulikuwa wangu, watoto wakiugua walikuwa wangu. Mazao yakija, yalikuwa yake.

Mtoto wetu wa mwisho, Kanini, alipomaliza darasa la nane, Kitheka alitaka kumpeleka Lukenya akawapikie chai wafanyakazi wa machimbo. Nilikataa. Akaniambia mtu asiyejua kuandika hata jina lake hana la kusema juu ya mtoto aliyesoma. Kanini akaenda. Baadaye Kitheka alirudi peke yake na habari kwamba msichana ametoroka na fundi wa malori, Mpare wa Tanzania anayeitwa Eliamini, na kwamba wamehamia Dar es Salaam.

"Ameibwa," alisema. "Na asitajwe hapa."

Kwa mdomo sikumtaja.

Kwetu Ukambani mwanamke na mume wa binti yake wana kitu tunachokiita nthoni. Ni aibu na ni heshima, vyote kwa pamoja. Hawakai benchi moja, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anapita majanini. Mama hakanyagi mlango wa mkwe wake. Kinachoufungua mlango huo ni blanketi. Mkwe analileta nyumbani kwa wakwe zake, mama analipokea na kujifunika, na kuanzia siku hiyo anaweza kuingia kwa binti yake, akampikia uji na kumwogesha mtoto. Vijana wa mjini siku hizi wanacheka mambo haya. Mimi siwezi kucheka. Nilipomzaa Kanini, mama yangu alikuja kunitunza, akalala nje chini ya ukingo wa ghala huku mvua ikinyesha, kwa sababu Kitheka hakuwa amempa blanketi. Alikufa bila kupewa. Hakuwahi kuiona nyumba yangu kwa ndani.

Kwa hiyo niliposikia Kanini amezaa, kisha amezaa tena, nilikaa nikingoja blanketi. Nilijiambia huyo Mpare hana adabu, lakini labda iko siku mtu atamfundisha. Hakuna aliyekuja.

Mwezi wa nane mwaka wa 2004, Musili, ndugu yake Kitheka anayekaa Athi River, alikuja kwetu mbio. Alikuwa amepigiwa simu. Kanini alikuwa amejifungua mtoto wa tatu kwa kupasuliwa, kidonda kilikuwa kimekataa kupona, na alikuwa analia anamtaka mama yake. Tiketi mbili zilikuwa zimeshalipiwa.

"Nyumba yake siingii," nilimwambia Kitheka. "Sijapewa blanketi."

"Nani amesema utaingia? Iko mama mmoja Mkamba, wa Ekalakala, chumba chake kimepakana na chao. Utakaa kwake. Kanini ataletwa hapo."

"Umeongea na huyo mama?"

"Mama Kanini, unataka kwenda au hutaki?"

Nilitaka. Nilifunga ndengu, unga wa wimbi kwa uji wa mzazi, na mkebe mkubwa wa viazi vitamu vya kuchemsha. Juu ya mzigo nikaweka blanketi langu.

"Hilo liache," Kitheka alisema. "Dar ni joto."

"Athi River alfajiri si joto."

"Utajifunika leso."

"Baba Kanini, linakuuma nini? Ni mimi nitalibeba."

Tulibishana juu ya blanketi zaidi kuliko tulivyobishana juu ya jambo lingine lolote la safari ile. Niliona ni ubishi wake wa kawaida. Nililibeba.

Tulilala kwa Musili, na kabla ya jua tukasimama pale njia ya Namanga inapochepuka, upepo unapita kwenye mifupa. Basi lilichelewa. Lilipofika Kitheka alipanda kwanza, akachukua dirisha, akafunga macho. Mimi nilipandisha ndengu, unga na viazi, na kwa kuwa mahali pa mizigo palikuwa pamejaa magunia ya watu, nilisafiri magoti yakigusa kidevu. Nilimwomba tubadilishane kidogo ninyooshe mgongo. Alisema amelala. Mtu aliyelala akinijibu hivyo, nitafanya nini?

Namanga, mpakani, tulishushwa wote kupanga foleni. Mimi sijawahi kukaa na kitambulisho changu mwenyewe; tangu siku nilipopigwa picha kiko kwa Kitheka, kwa sababu alisema mimi nitakipoteza. Nilipofika dirishani, afisa akanyoosha mkono.

"Kitambulisho, mama."

"Kiko kwa mzee."

"Mzee ako wapi?"

Mzee alikuwa ameshagongewa muhuri na kuvuka. Kitambulisho changu kilikuwa ndani ya koti lake, koti liko ndani ya basi, na basi limevuka naye. Afisa aliniambia nisimame kando, kwa upole, kama mtu anayemwambia mbuzi. Nilisimama kando watu wa mabasi mengine wakinipita. Kitheka alirudi polepole akitafuna hindi la kuchoma.

"Si ungeniita," alisema.

"Ningekuita kutoka nchi gani?"

Afisa alicheka. Kitheka hakucheka. Niliweka kidole gumba kwenye wino, tukaenda, na abiria wote walinitazama kama aliyewacheleweshea mazishi.

Arusha ndipo alipopanda kijana mmoja mrefu, shati jeupe, mikono imeingia mafuta meusi kwenye kucha kiasi cha kutotoka. Alisema maneno mawili matatu na Kitheka pale mlangoni. Kisha Kitheka akaja kuniambia miguu yake imevimba, anakwenda mbele karibu na dereva ainyooshe, na kijana huyu atakaa hapa mahali pake. Nikiwaambia sasa kwamba kijana huyo ndiye Eliamini, mkwe wangu, aliyetoka Dar kufuata vipuri, mtakuwa mmenizidi ujuzi. Kitheka alijua. Kijana alijua. Katika basi lile lote asiyejua nilikuwa mimi.

"Shikamoo, mama."

Kwetu salamu hiyo si ya kila siku, lakini jibu lake nalijua. "Marahaba."

"Pole na safari."

"Safari ni ya yule mzee. Mimi nimebebwa tu kama ndengu."

Alicheka, kisha akainama, akauchukua mzigo kutoka magotini mwangu, akapanga magunia ya watu upya, akaupatia nafasi. Tangu Athi River hakuna aliyefikiri kwamba nina miguu.

"Mama unakwenda kwa nani Dar?"

"Kwa binti yangu. Ameolewa na mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa watu. Alimtoa kazini kwa baba yake, akavuka naye mpaka. Hata siku moja hajaja kwangu kusema mimi ndiye niliyemchukua. Hata mwizi wa kuku huwa anakuja usiku; huyu hakuja hata usiku."

"Labda aliogopa."

"Anaogopa nini? Mimi niko na meno?"

Alitazama nje. Nilimwonea huruma, nikadhani naye ana mambo yake na wakwe zake. Nilifungua mkebe wa viazi, nikauweka katikati yetu. Akamenya kimoja, akanipa mimi kwanza, ndipo akamenya chake. Tulikula hivyo mpaka Moshi, mkono wake na wangu ndani ya mkebe mmoja. Moshi akashuka kuninunulia machungwa. Nikafikiri kama Mungu angenipa mkwe wa namna hii, mwenye adabu, ningemfumia chondo kwa mikono yangu.

"Mama," aliniuliza, "ukikutana na huyo mkwe wako utamfanya nini?"

"Nitageuka nitazame ukuta."

"Na akikuomba msamaha?"

"Kwetu msamaha hauombwi kwa mdomo. Kuna kitu kinaletwa."

"Na kama alikileta?"

"Alikileta wapi? Kwangu hakuna aliyefika."

Aligeuka akamtazama Kitheka kule mbele, aliyekuwa anamsimulia dereva jambo huku akipiga goti lake. Alimtazama kwa muda mrefu.

Tulipoipita Same, kabla ya Hedaru, basi lilitoa mlio chini kama sufuria inayoburutwa, likasimama lenyewe. Tulishuka. Upande mmoja milima ya Upare, upande mwingine nyika tupu na miiba, na jua limesimama juu ya utosi. Kulikuwa na mti mmoja wenye kivuli, mgunga mwembamba, na Kitheka aliufikia kabla ya wanawake wenye watoto. Dereva alisema dakika chache. Zikapita, zikapita nyingine nyingi. Mtoto mmoja akalia mpaka sauti ikaisha. Maji yangu yaliisha. Niliwaza Kanini amelala na kidonda, anahesabu mabasi yanayoingia, na mimi niko porini natazama gurudumu.

Mwisho yule kijana akakunja suruali, akavua shati, akalikabidhi kwa mama mmoja muuza nyanya.

"Mimi ni fundi," alimwambia dereva. "Nitaingia chini. Nipeni gunia nilalie, hapa pana miiba."

Gunia tupu halikuwepo. Kondakta alitazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimebeba blanketi langu begani, limekunjwa, na kijana amenilisha machungwa. Ningemwacha alalie miiba?

"Chukua hili," nilisema. "Litafuliwa."

Alilipokea, akalikunjua ili alitandike. Mistari miwili myekundu ikatokea. Alisimama nalo hivyo, mikono imenyooka. Kisha akaanza kulikunja tena, taratibu, ncha kwa ncha, kwa uangalifu ambao mtu hautumii kwa kitu kisicho chake.

"Hili siwezi kulilalia, mama."

"Ni blanketi tu."

"Najua. Nililinunua mimi, sokoni Moshi."

"Umekosea, mwanangu. Hili limetoka Machakos, dukani kwa Abdiwahab. Mume wangu ndiye aliyeninunulia."

Hakubishana. Alitafuta pembe moja, akanionyesha. "Hapa uzi ulikuwa umechomoka. Kanini akaufunga nyumbani Dar kabla sijaondoka nalo kuja kwenu. Fundo lenyewe hili."

Lilikuwa fundo tunalofungia mwisho wa chondo, unapomaliza mzunguko wa mdomo na hutaki kazi ifumuke. Kila mwanamke wa Muthetheni analifunga. Nilikuwa nimeliona fundo lile miaka yote, nikidhani nililifunga mwenyewe nikasahau.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Eliamini."

Nilijifunika uso kwa leso. Mbele yangu alikuwa mkwe wangu, kifua wazi, niliyekula naye mkebe mmoja, niliyemwita mwizi wa watu masikioni mwake.

"Vaa shati kwanza," nilisema ndani ya leso. "Halafu useme."

Alivaa. Akachuchumaa mbali kidogo, naye amegeuka upande, na hapo nikajua Kanini alikuwa amemfundisha nthoni. Alisema kwamba mwaka ule Kanini alipojifungua mtoto wa kwanza, alimweleza habari za blanketi. Akafunga safari mpaka Machakos, akamtafuta Kitheka, maana walijuana tangu Lukenya na walikuwa wakila pamoja. Kitheka akampokea stendi, akalichukua blanketi, akamwambia angoje hotelini hapo mjini, yeye analipeleka kwa mama. Kesho yake alirudi na jibu: mama amelipokea blanketi, lakini amesema hataki kumwona Mpare, wala Kanini asikanyage tena Muthetheni.

"Nikarudi," Eliamini alisema. "Nikampa Kanini maneno hayo kama nilivyopewa. Safari hii mzee aliniambia bado una hasira. Kwamba nikae karibu nawe, nikusaidie mzigo, nisijitaje mpaka tufike. Mama, nilidhani ni wewe uliyetukataa."

Nilichukua blanketi, nikaenda mpaka kwenye kile kivuli. Watu walikuwa wameshasogea. Mabasi yakiharibika watu husikiliza kila kitu.

"Baba Kanini, blanketi hili ulilinunua kwa nani?"

Alitazama milima. "Si nilikuambia."

"Niambie tena."

Alimwona Eliamini nyuma yangu, akajua. Nilitegemea ataona haya. Alikasirika.

"Alikuja na blanketi moja," alisema. "Moja, la mwanamke. Mimi niliyemlisha kule Lukenya, mimi baba wa msichana, alinishika mkono tu. Nilipaswa kufanya nini, nikubebee wewe mzigo kama tarishi?"

"Kwa hiyo ukalifanya lako."

"Si ulilala chini yake? Kuna siku ulipata baridi?"

"Na maneno? Niliyasema lini hayo maneno?"

"Ningemwambiaje? Ningesema umefurahi, angekuja nyumbani, na mambo yote yangejulikana."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga lango. Mama wa nyanya alikuwa amesimama pale, shati la Eliamini limemwachia alama ya mafuta kwenye khanga.

"Mzee," alisema, "basi moja kuharibika linatosha. La pili hatuna fundi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekumbuka siku moja nilipopeleka vyondo Machakos mjini, nikapita dukani kwa Abdiwahab kumshukuru mkewe, Fadumo. Nilimwambia blanketi lao halichuji. Alinitazama, akasema, "Blanketi gani, mama?" Kisha mteja akamwita. Nilikwenda zangu nikimlaumu moyoni, nikidhani wenye maduka wana kiburi.

Eliamini aliingia chini ya basi bila kutandika kitu, akatoka mgongo umechanika na kazi imekwisha. Lakini jua lilikuwa limeshuka, na kule mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku, tukalala Korogwe kwenye viti vya basi. Kitheka alirudi kukaa karibu nami. Nilihama. Nilikwenda kukaa na mkwe wangu, wazi, mbele ya watu, kwa sababu ruhusa hiyo nililipiwa miaka sita nyuma na kila siku ya hiyo miaka niliishi kama sina. Nilifanya hesabu nisiyotaka kuifanya. Mtoto wa kwanza wa Kanini ningemwogesha. Wa pili ningemwogesha. Huenda hata kidonda hiki kisingefika hapa kama kungekuwa na mtu wa kumkanda na kumkataza kubeba maji.

Ubungo, stendi ya Dar, tuliingia mchana wa siku ya pili. Joto la Dar ni la kumeza. Nilimwuliza Eliamini yule mama wa Ekalakala, jirani yao, yuko sehemu gani.

"Nani?" aliuliza.

Sikuuliza tena.

Kanini na mumewe walikuwa wamepanga chumba na sebule Buguruni, nyumba yenye milango mingi na ua mmoja. Nilipofika kizingitini nilisimama. Nilijifunika blanketi lote, kichwani mpaka magotini, vile inavyotakiwa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye visigino. Mtoto wa kiume, mkubwa wa Kanini, aliyekuwa anacheza uani, akarudi nyuma.

"Huyu bibi anaumwa?" alimwuliza baba yake.

"Haumwi. Amekuja kwetu."

Niliingia. Kanini alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda shingo, kichanga pembeni. Aliniangalia mimi, akaangalia blanketi, akaangalia mimi.

"Mwaitu," alisema, ndivyo tunavyomwita mama. "Si ulisema hutaki."

"Sikusema."

"Baba alisema ulisema."

"Najua alisema. Mimi sikusema. Sogea kidogo, kidonda nikione."

Nilichemsha maji, nikamkanda, nikamwogesha mtoto kwenye beseni. Nilikuwa nimesahau kichwa cha mtoto mchanga kilivyo kizito. Usiku Kanini alishika ncha ya leso yangu akalala nayo, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu.

Kitheka alikaa juma moja. Alikula samaki, alipelekwa kuona bahari, alikaa kibarazani akiwaeleza majirani habari za Lukenya. Kila mtu alimwita baba, na Eliamini alimpa heshima yake yote bila kupunguza. Sikuwaharibia. Siku ya kuondoka aliniambia nifunge mizigo.

"Mzigo wangu nitaufunga mvua ikikaribia," nilisema. "Kitambulisho changu niachie."

Alisimama akingoja niseme zaidi. Alikitoa kwenye koti, akakiweka juu ya ndoo. Ndicho hiki ninacho sasa, ninakiweka kwenye chondo changu.

Nilirudi Muthetheni mwezi wa kumi, kidonda kimefunga na mtoto ameanza kucheka. Nilipita Machakos mjini, nikaingia dukani kwa Abdiwahab kwa makusudi. Mchele, mafuta, sukari, tende, kamba za kufungia mbuzi. Nilimwuliza Fadumo kama wamewahi kuuza blanketi. Alisema hata moja, tangu duka lifunguliwe. Safari hii nilimwomba radhi, na hakujua ya nini.

Tangu hapo ninalala jikoni, karibu na mafiga, mimi na blanketi langu. Kitheka alishaacha machimbo, kifua chake hakitaki vumbi tena, na anashinda nyumbani. Ninampikia. Sijamtukana mbele ya watu wala sijaenda kwa wazee, kwa sababu wazee wataniuliza kama nilipata baridi. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, umande ulipokuwa unauma kama sindano, alikuja mlangoni kwa jikoni, amevaa lile koti.

"Mama Kanini, baridi ni kali."

"Ni kali."

"Hilo blanketi ni kubwa. Linatosha watu wawili."

"Ni la mama mkwe. Mama yangu hakupata lake, hili halina nafasi ya mwanamume."

Alisimama hapo, anasugua mikono. Alikuwa amezeeka, niliona, na huruma ilinijia nusu ya njia ikasimama.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza.

Nikamwambia aende dukani kwa Abdiwahab, achague lake.